Siti ya Kumkalisha Bibi Eufrasia

Mlioniacha wiki iliyopita nimesimama katikati ya soko la Mwanga, kichwa chini, watu wananicheka, nikuteni hapo hapo. Sijasogea.

Kwa ambaye hakuwapo: naitwa Oswald, naendesha bodaboda, natunga mashairi bila kufundishwa na mtu, na nampenda Joanitha wa Katubuka. Baba yake, Mzee Leonardi, ni nahodha wa boti yake mwenyewe, inayobeba abiria wa Mwamgongo, kijiji cha kando ya ziwa. Alisema posa yangu yeye hana neno nayo. Mwenye neno ni mama yake mzazi, Bibi Eufrasia.

Bibi akaja kutoka Mwamgongo kunitazama. Nikajitolea kumzungusha mjini. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, maana kila nilipompakia niliharibu.

Safari ya kwanza siti yangu ilikuwa ngumu kama ubao wa kukatia nyama. Bibi alishuka njiani akaenda kwa miguu, na nyonga yake mbovu, akisema afadhali achoke kuliko avunjike.

Safari ya pili nikaijaza vipande vya sponji la godoro kuukuu. Ikawa laini. Ikanyesha. Sponji likanywa mvua yote kupitia matundu ya sindano, likatulia kimya kama nyoka, na Bibi alipolikalia likamtapikia. Aliposhuka sokoni kitenge kilikuwa kimelowa nyuma, mahali ambapo mama mwenye heshima zake hapaswi kulowa.

"Pole, mama," muuza mawese akamwambia kwa huruma ya kweli. "Uzee ni uzee. Hata mama yangu ilimwanza hivi hivi."

Soko lote likacheka. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Sasa tuendelee.

Bibi hakupaza sauti. Alizungusha kitenge, upande mkavu ukaja nyuma, akanitazama.

"Oswald."

"Naam, Bibi."

"Kijana anayemuoa mjukuu, bibi wa nyumba humwitaje?"

"Humwita mume wetu."

"Mimi nimeshakuita hivyo?"

"Bado, Bibi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya siti."

"Kwa sababu ya matako yangu," Bibi akasema, na muuza mawese akaacha kupima mafuta ili asikie vizuri. "Mwanamume anashindwa kumkalisha kikongwe kutoka Katubuka mpaka Mwanga. Mjukuu wangu atamkalisha juu ya nini maisha yake yote?"

Mimi, ambaye kijiweni nawajibu watu kwa vina, nikarudi kutazama viatu vyangu.

"Ijumaa narudi kwangu," akaendelea. "Utanipeleka ufukweni Kibirizi kwenye boti ya mwanangu. Nikifika nimekunja uso, posa yako imekufa. Nikifika nimekaa kama mtu, nitakuita hilo jina mbele ya baba yake, watu wote wasikie. Jibu utalipata nikishuka."

Akaondoka zake kwenda kununua chumvi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Telesphory, fundi wa siti za pikipiki, hapo hapo Mwanga. Telesphory anajua kazi yake, na anajua kwamba anaijua. Alibonyeza siti yangu kwa kidole kimoja. Maji yakatoka.

"Humu umeweka samaki gani?"

"Usinitanie, fundi. Nataka siti ya mtu mzima mwenye nyonga mbovu."

"Sikiliza, malenga. Siti siyo mto. Laini tupu ni msaliti. Ukiikalia inashuka, inashuka, mwisho unakutana na plastiki ya chini na mnasalimiana. Chini unaweka kitu kigumu kidogo, kisichokunywa maji. Juu yake ndiyo unaweka sponji, jembamba tu. Halafu unazungushia nailoni, ndipo unavisha kava."

"Hicho kigumu kisichokunywa maji unacho?"

"Ninacho."

Akataja bei. Nikamuuliza kama siti hiyo inakuja na pikipiki yake.

"Basi nitungie shairi," akasema, akawatazama wateja wengine ili wacheke naye. "Nikilipeleka dukani wakinipa unga, nakutengenezea."

Damu yangu, wasomaji, ina tabia ya kuchemka kabla ya kuulizwa. Nikamnyang'anya siti yangu.

"Nitaitengeneza mwenyewe. Na utakuja kuomba kuipiga picha."

"Nitakuja kuipiga picha ikiwa imechanika," akasema Telesphory, akarudi kwenye gundi yake.

Maneno hayo yawekeni mfukoni.

Siku iliyofuata nilipata abiria wa Kibirizi. Nilipomshusha nikazunguka nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa, mahali ambapo kila mtu wa ufukweni hutupa kisichomfaa: nyavu zilizooza, kamba, ndoo zisizo na matako. Nilitafuta kitu kigumu kidogo kisichokunywa maji.

Na pale juu ya uzio wa miti, kama yamening'inizwa na malaika wangu, nikaona majaketi ya kuokolea maisha. Ya rangi ya chungwa, yaliyopauka, manene, ya kubonyea. Nikabonyeza. Yakarudi. Nikabonyeza tena.

Msomaji wa mbali atashangaa, kwa hiyo nimweleze. Kwenye boti tunazopanda sisi, jaketi la kuokolea ni la kukalia. Ubao ni mgumu na safari ni ndefu. Ukiingia unagombania jaketi, unaliweka chini ya makalio, unatulia. Nimeona watu wakilifanya mto, nimeona mama akimlazia mtoto. Kulivaa nimeona siku ya mkaguzi wa vyombo vya majini tu, na hata siku hiyo watu huulizana mkono unaingilia wapi. Kwa hiyo nilipoona majaketi yale sikuona vifaa vya uhai. Niliona siti ambazo bado hazijapata pikipiki.

Mama Semeni alikuwa anageuza dagaa zake karibu na hapo.

"Shikamoo, mama. Haya ya nani?"

"Marahaba. Hayo ya kukalia?" Hakuinua hata kichwa. "Sijui nani kayatundika. Yananizibia jua. Kama unayataka yatoe."

Yananizibia jua, yatoe. Kisheria sijui, lakini masikioni mwangu hiyo ilikuwa hati ya umiliki.

Moja lilikuwa na kiraka kipya cha kitenge, maua ya zambarau, kimeshonwa kwa mkono mzuri sana, mshono mdogo mdogo kama meno ya dagaa. Nilisimama nikakitazama. Nikasema moyoni: hata takataka za Kibirizi zina mapambo. Nikayafunga nyuma ya pikipiki nikaondoka ninaimba.

Mimi ni mshairi, jamani. Naona maua, siulizi yametoka bustani gani.

Nilifanya kazi hiyo uani kwangu kwa fahari zote. Nilikata mikanda tu. Vitambaa vya nje niliviacha, maana vilikuwa imara na vilishika umbo. Nikapanga majaketi chini, nikayabana kwa gundi ya viatu, nikaweka sponji jembamba juu, nikazungushia nailoni. Kava la zamani likagoma kutosha. Siti ilikuwa imenenepa. Nikalivuta kama mtu anayemvisha mjomba suruali ya mpwa wake, nikalishona ubavuni kwa uzi wa nyavu.

Likakubali, ingawa lilikuwa limebana pumzi.

Kijiweni wenzangu walipanga foleni kuijaribu. Mmoja alikaa akafumba macho akasema amemkumbuka mama yake. Mwingine alikataa kushuka, tukamshusha kwa nguvu. Nikasimama juu ya jiwe nikawapa shairi nililolitunga wakati gundi inakauka:

Kaa bibi usichoke, kiti hiki cha mfalme,
Kiuno kisisumbuke, mashimo nayo yakome,
Wenye wivu na wacheke, wakichoka na waseme,
Joanitha nimshike, bibi aniite mume.

"Malenga wa matako," wakaniita.

Niliipenda heshima hiyo. Nikaandika kwa rangi nyeupe kwenye mpira wa tope wa nyuma: MASHIMO NAYO YAKOME.

Ijumaa asubuhi nikafika Katubuka. Pikipiki inang'aa, mimi nimepaka mafuta mpaka nzi anateleza. Joanitha akatoka na mfuko wa Bibi. Yeye angepanda bodaboda nyingine na mizigo, atangulie.

"Oswald," akaninong'oneza, "leo usiongee sana njiani. Usimsomee shairi."

"Hata beti moja?"

"Hata kina kimoja."

"Mwakeye, Bibi," nikamwamkia kwa Kiha, nijipendekeze. Akaitikia huku anaizunguka siti kama mtu anayenunua mbuzi. Alikuwa amevaa kitenge cha maua ya zambarau. Niliyaona. Yakanikumbusha kitu, sikujua nini. Nilikuwa nasikiliza siti.

Akapanda. Akakaa.

Tukapita Mwanga. Sikusikia kelele nyuma yangu, si kuguna, si kumwita mtakatifu yeyote. Nikaanza kuogopa kwamba amefia pale pale. Tulipoanza kuteremka kuelekea ziwani, akanigusa bega.

"Oswald."

"Naam, Bibi."

"Lile shimo kubwa la kwenye kona, bado hatujalifika?"

"Tulishalipita, Bibi."

Nikamsikia akigeuka kutazama nyuma.

"Sikulisikia," akasema.

Nimewahi kusifiwa, wasomaji. Nimewahi kupigiwa makofi kwenye harusi ya watu nisiowajua. Lakini neno hilo lilinishuka mpaka kwenye vidole vya miguu. Nikaongeza mwendo bila kukusudia. Mteremko wa mwisho wa kuingia Kibirizi una mawe, na juu ya mojawapo nikasikia chini yetu sauti ndogo.

Krrr.

"Ni nini hicho?" Bibi akauliza.

"Mnyororo, Bibi."

Haukuwa mnyororo.

Ufukweni kulikuwa na watu wengi kuliko kawaida, na boti ya Mzee Leonardi ilikuwa bado imefungwa. Abiria walikaa juu ya mizigo yao wanapepea nzi. Joanitha alisimama karibu na maji, ameshika mfuko wa Bibi. Mbele ya boti alisimama mkaguzi wa vyombo, kijana nadhifu aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa ambao maji yake yote yanatosha kwenye ndoo. Kwenye mchanga, kichwa mikononi, alikaa Rodgers, baharia wa Mzee Leonardi.

Nikasimamisha pikipiki palepale karibu. Nikangoja Bibi ashuke, jibu langu litoke.

Bibi hakushuka. Alikuwa anasikiliza.

"Mzee, sina ugomvi na wewe," mkaguzi alikuwa anasema. "Abiria wako ni hawa, majaketi ni haya. Hayatoshi. Boti haiondoki."

"Yalitosha," Mzee Leonardi akasema. Mawimbi ya ziwa hili anayaita kwa majina, lakini sasa alikuwa anambembeleza kijana. "Niliyafua, nikayashonesha, kwa ajili yako wewe. Nikampa huyu ayaanike. Muulize alimuuzia nani."

"Sijauza, mzee wangu," Rodgers akasema bila kuinua uso. "Niliyatundika nyuma ya vichanja vya dagaa. Niliporudi hayakuwepo."

Nyuma ya vichanja vya dagaa.

Nikazima pikipiki.

"Yana alama?" mkaguzi akauliza.

"Hata kipofu atayatambua. Mojawapo lina kiraka. Binti yangu alilishona kwa kipande cha kitenge cha mama yangu." Mzee akageuka, akanyoosha kidole kuelekea pikipiki yangu. "Kitenge chenyewe ndicho hicho alichovaa."

Watu wote wakamtazama Bibi Eufrasia. Bibi akakaa wima juu ya siti kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

Mimi nikatazama chini, ubavuni mwa siti. Mshono wangu ulikuwa umefumuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Nailoni imechanika. Na pale penye ufa, karibu na paja la Bibi, limechomoza pande la maua ya zambarau.

Lakini hakuna aliyeliona. Maua juu ya maua. Kiraka kilikuwa kimejilaza kwenye kitenge cha Bibi kama mkunjo wa nguo. Ungeapa ni upindo wake. Alimradi amekaa, hakuna siti iliyochanika, hakuna jaketi, hakuna mwizi.

Nikavuta pumzi. Kisha nikakutana na macho ya Joanitha.

Yeye hakutazama maua. Alitazama mshono, ule mdogo mdogo kama meno ya dagaa. Mtu anaujua mkono wake. Akauweka mfuko wa Bibi mchangani polepole, akaziba mdomo kwa kiganja. Sikujua kama anazuia kilio au kicheko, na mpaka leo hii ninapoandika hataki kuniambia.

"Basi," mkaguzi akasema, "huyu tumpeleke kituo cha polisi akaeleze vizuri."

Rodgers akainuka. Hakubishana. Akajifuta mchanga kwenye suruali kama mtu anayejiandaa kwenda kanisani, akamwambia Mzee Leonardi, "Mwambie mke wangu asiningoje kula." Mzee akageuzia uso upande wa ziwa.

Neno lilikuwa limenifika kwenye meno. Kwa upande mmoja alikuwa Rodgers, asiye na kosa. Kwa upande mwingine alikuwa Joanitha, na jina ambalo nimelitafuta kwa jasho, kwa gundi na kwa uzi wa nyavu, na ambalo lilikuwa limebaki hatua moja kutoka mdomoni mwa bibi kizee.

Nikafungua mdomo. Bibi akanibana bega kutoka nyuma. Vidole vyake ni vya mwanamke aliyelima mihogo tangu utoto.

"Kimya," akasema chini ya pumzi. "Nilidhani nimekalia upindo wangu. Nimevuta, haufuati."

Nikafunga mdomo.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Bibi. Sikujua. Nilidhani ni ya kukalia."

Nikasikia tumbo lake likitikisika mgongoni kwangu. Mwanzo nilidhani analia.

"Hata mimi," akasema. "Tangu mwanangu anunue boti, sijawahi kujua kazi yake nyingine."

Halafu kicheko kikakatika, sauti ikawa nzito.

"Lakini lile lenye kiraka ni langu, Oswald. Joanitha alinishonea mimi. Ndilo ambalo leo, boti ikizama, ningelivaa ndani ya maji yale. Na wewe umenikalisha juu yake."

Nikayatazama yale maji.

"Wewe wa bodaboda," mkaguzi akaita.

Nikageuka. Alikuwa anakuja kwangu, amemshika Rodgers mkono, kwa upole kabisa, kama anamvusha barabara.

"Pikipiki yako inaonekana nzuri. Utatupakia wote wawili mpaka kituoni." Kisha akainama kwa adabu. "Shikamoo, Bibi. Naomba ushuke tafadhali, tuna haraka."

"Marahaba, mwanangu," Bibi akasema. Hakusogea.

Mzee Leonardi akasogea amsaidie. "Mama, nipe mkono."

Hakutoa mkono. Alikuwa ameukunja juu ya paja, juu ya maua yake na yale yasiyo yake. Abiria wakaanza kutazama. Mama Semeni, kule kwenye vichanja, akaacha kugeuza dagaa, akaitazama siti yangu, akanitazama mimi, akafungua mdomo taratibu kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Mama?" Mzee Leonardi akasema tena. "Kijana kakuumiza?"

"Hajaniumiza," Bibi akajibu, kwa sauti ya kuwafikia mpaka walio ndani ya boti. "Nimekaa vizuri. Tangu nizaliwe sijakaa vizuri hivi."

Halafu akaniinamia, akaniuliza mbele ya mwanawe, mbele ya mkaguzi, mbele ya Rodgers na mkono wake ulioshikwa, mbele ya Joanitha, akilitumia lile jina nililolitafuta:

"Mume wetu. Nishuke?"